Sentimita Mbili za Soli

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kazi. Sijafukuzwa.

Jumanne, 5 Machi
Jana niliandika mstari mmoja tu. Leo niandike kama mtu aliyesoma. Duka letu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Tunatengeneza vitu vya watu: viatu, mikoba, miavuli, simu. Mbele kuna kaunta, na nyuma ya kaunta nipo mimi, karani wa mapokezi. Upande wa ukutani anakaa fundi viatu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, anayeitwa Mama Gundi. Upande wa dirishani, chini ya taa yake mwenyewe, yupo fundi simu, kijana mrefu anayevaa koti jeupe la mtumba, ndiyo maana kila mtu humwita Daktari. Mwenye duka ni Bosi tu. Huingia kimyakimya, hutazama rafu, hutoka kimyakimya.

Kazi yangu ni kupokea kitu, kuuliza kina tatizo gani, kuandika kadi na kuifunga kwenye kitu hicho kwa uzi. Halafu kuna kanuni ambayo sijawahi kuisikia popote: aliyepokea ndiye anayejaribu. Kitu hakirudi kwa mwenyewe mpaka mimi nimekitumia. Kiatu nakivaa, nazunguka nacho. Simu naipiga. Begi nalijaza mawe na kulining'iniza begani. Leo nimevaa buti za fundi bomba, miguu ikaogelea ndani, nikaizunguka meza huku Daktari akinipigia makofi kama bibi harusi.

"Polepole, dada! Usije ukafika mlangoni peke yako, buti zikabaki huku."

Nilicheka kwa adabu. Ndani nilikuwa nimekufa.

Miezi mitatu ya majaribio, kasema Bosi, yaani mpaka mvua zikatike. "Karani wa kabla yako alipoteza mkanda wa mkoba wa mtu," akaongeza, kisha akanyamaza. Sikuthubutu kuuliza kilichompata.

Ijumaa, 8 Machi
Joto. Mama Gundi kaniuliza kama nilizaliwa na ulimi au niliusahau shuleni.

Jumatatu, 11 Machi
Mzee mmoja kaleta simu ya vitufe. Anataka tarakimu ziwe kubwa, za kuonekana bila miwani. Daktari kazichora upya kwa rangi nyeupe ya kucha, moja moja, ulimi ukiwa nje. Mzee akampigia mkewe palepale kumwambia kwamba sasa anaona. Mke akauliza anaona nini.

"Sita," akajibu mzee kwa fahari. "Naiona sita."

Jumatano, 13 Machi
Mvua imeanza. Paa linavuja juu ya rafu ya mikoba. Nimehamisha mikoba, nimeweka ndoo. Hakuna aliyenituma wala aliyenigombeza. Nitalala vizuri.

Jumanne, 19 Machi
Msichana wa chuo kachagua kamba za viatu asubuhi nzima. Kajaribu nyekundu, za bluu, zenye madoa. Kaondoka na zilezile alizokuja nazo, ila sasa zimepishanishwa kwa namna nyingine. Alikuwa na furaha kweli. Namwonea wivu mtu anayeweza kusumbua watu kiasi hicho bila kuomba radhi.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua tangu alfajiri. Gundi haikauki. Kiatu ambacho wakati wa jua hukauka kwa siku moja, sasa kinataka tatu, na hata hapo kinatoka kimenuna. Mama Gundi kasimama mlangoni kuyatukana mawingu. Mimi nimejifanya napanga kadi.

Jumanne, 26 Machi
Leo nimefanya jambo, na sijui hata kama ni kosa. Hilo ndilo baya zaidi.

Saa kumi hivi aliingia mwanamke mmoja kwa haraka, mvua ikimfuata nyuma. Mwenye mwili, mwenye uso wa mtu aliyezoea kutiiwa. Kiti nilichomvutia hakukitazama. Alitoa kwenye mfuko viatu vyeupe vya kazi, vya kufunga kamba, akavibwaga kwenye kaunta.

"Kimoja kipandishwe soli. Sentimita mbili. Nilivunjika mguu, umeunga, umekuwa mfupi."

"Pole sana, sista." Nilijua ni muuguzi kwa saa aliyoibandika kifuani.

"Pole haipandishi soli. Jumanne ya tarehe tisa wananipima. Nisimame zamu nzima wodini, bila mkongojo, bila kukaa. Nikishindwa, wananihamishia chumba cha mafaili." Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza. "Mimi! Nikapange mafaili! Nusu ya watu wa mji huu nimewapokea mimi kwa mikono hii."

Kisha akatoa simu ya vitufe inayochuruzika maji. "Na hii imeingia dimbwini sasa hivi hapo nje. Vyote nitavifuata Jumatatu ya tarehe nane, jioni. Msinipe hadithi."

"Namba yako, sista?"

Aliitaja, nikaiandika. Nikauliza anakaa wapi. Akasema kwa sasa hakai kwake, kwake kuna ngazi, amehamia kwa ndugu mbali kidogo, mbona maswali mengi? Akageuka, akatoka.

Nikaandika kwenye kadi: Kupandisha soli, sm 2, kiatu cha. Kalamu ikasimama. Kiatu cha mguu upi?

Alikuwa bado hajavuka barabara. Ningeweza kumwita. Lakini mvua ilikuwa kubwa, na yeye alikuwa ameshafungua mwavuli, na hasa Bosi alikuwa amesimama karibu na rafu. Karani gani anapokea kiatu cha mguu mfupi bila kuuliza ni mguu upi?

"Kuna tatizo?" akauliza Bosi.

"Hakuna, Bosi."

Akatoka. Nikavigeuza viatu. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika zaidi ya cha kulia. Nikafikiri: mguu mfupi unaulaza mwili upande wake, kwa hiyo ndio unaogonga chini kwa nguvu. Ilionekana ni hoja nzuri. Nikachora msalaba wa chaki kwenye soli ya kushoto, nikampelekea Mama Gundi. Hakuuliza chochote, maana chaki ni kazi yangu.

Jumatano, 27 Machi
Nimeamka nimeshaelewa. Viatu vile si vipya. Alivinunua kabla ya kuvunjika. Kisigino kililika wakati miguu yote ni mizima, kwa hiyo hakinielezi lolote. Hoja yangu nzuri haina miguu.

Nilisubiri Mama Gundi atoke kunywa chai, nikachukua simu ya duka, nikampigia yule muuguzi. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nilipoinua macho niliona simu yenyewe imelala kwenye sahani ya Daktari, imepasuliwa tumbo.

"Unampigia nani kwa uchungu hivyo?" akauliza Daktari.

"Shangazi."

Alhamisi, 28 Machi
Nimejaribu kukumbuka alivyotembea alipoingia. Nakumbuka saa ya kifuani. Nakumbuka matone puani kwake, na mwavuli wake alipotoka. Miguu siikumbuki, nilikuwa nimeinamia kadi kwa sababu namwogopa mtu anayeingia na haraka. Kila nikifumba macho anaingia akiinamia upande tofauti.

Ijumaa, 29 Machi
Mvua.

Jumamosi, 30 Machi
Shangazi, ninayeishi kwake, kaniona nachechemea jikoni. Nilikuwa najaribu, mguu mmoja juu ya ubao wa kukatia mboga, kuona mwili wangu unalala upande gani.

"Umeumia?"

"Hapana, Shangazi. Nafikiri."

"Fikiria ukiwa umekaa, mwanangu. Huo ubao nautaka."

Jumanne, 2 Aprili
Saa ya chakula nilikimbia hospitalini kwa mwavuli wa mteja, ambao kwa hiyo nimeshaujaribu vya kutosha. Dirisha la mapokezi lilikuwa na kijana mwenye haraka kuliko mimi.

"Namtafuta muuguzi mmoja. Alivunjika mguu."

"Yupo likizo ya ugonjwa."

"Ninajua. Je, unajua ni mguu upi?"

Aliacha kuandika. "Wewe ni nani wake?"

"Ni… natoka dukani."

"Habari za mgonjwa hatutoi." Labda uso wangu ulimtia huruma, maana alifungua daftari la wafanyakazi na kunisomea namba ya simu. "Mpigie mwenyewe."

Ilikuwa namba ileile. Nikamshukuru, nikaiandika tena, nikarudi dukani nikiwa nimelowa mpaka kwenye fikra.

Jumatano, 3 Aprili
Mama Gundi kamaliza. Soli imepanda vizuri, kwa ngazi ya raba nyeupe iliyosawazishwa hata usijue imeanzia wapi. Kazi safi kabisa. Akaviweka mbele yangu.

"Jaribu."

Nikavivaa. Vinanienea, kwa bahati mbaya. Nikaanza kutembea, na chumba kizima kikainama: hatua moja juu, hatua moja chini, kama mtu anayetembea mguu mmoja barabarani na mwingine mtaroni. Daktari alicheka mpaka akaangusha bisibisi.

"Anachechemea vizuri huyo!"

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema Mama Gundi, ameridhika. "Kiatu kinachomnyosha aliyepinda lazima kimpinde aliyenyooka. Viko sawa?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba jaribio letu, linalonasa kila zipu mbovu na kila betri feki, haliwezi kunasa kosa hili. Ningechechemea vilevile hata kama ingepandishwa soli ya kulia. Mtu pekee anayeweza kujua ni yeye mwenyewe, Jumanne asubuhi, katikati ya wodi, wanaompima wakimtazama.

Nilisema viko sawa.

Ijumaa, 5 Aprili
Niandike yote, hata kama yatamaliza kurasa.

Jana usingizi haukuja. Asubuhi nilifika kabla ya wote, nikasimama chini ya bati nikisikiliza mvua. Mama Gundi alikuja na funguo, akiwa amejifunika gunia la nailoni kichwani. Nilitaka kumsalimia, badala yake nikasema, "Mama, sikumuuliza ni mguu upi."

"Nani?"

"Sista. Viatu vyeupe. Nilikisia."

Alifungua mlango kwanza. Akavua gunia, akalikung'uta, akalitundika. Akavitoa viatu kwenye rafu, akavitazama muda mrefu, na mimi nikawa naangalia mkono wake kama mkono wa hakimu.

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Nilimwogopa."

"Na mimi kwa nini hukuniambia wiki nzima?"

"Nakuogopa wewe pia."

"Na Daktari?"

"Daktari simwogopi. Naogopa tu kwamba atacheka."

Mama Gundi akaanza kucheka yeye. Si kicheko cha kunikejeli; kilianzia mabegani, kikamkalisha kwenye kigoda. Kisha kikakatika ghafla, akatazama mvua kupitia mlangoni.

"Tunacheka, lakini hali ni mbaya. Kama ni kulia, nibandue hii, nitengeneze nyingine. Kutengeneza ni nusu siku. Gundi ndiyo itakayotuua. Nikianza kesho, Jumatatu jioni haitakuwa imekauka. Sharti nianze leo, na leo hujui ni mguu upi."

Daktari aliingia wakati huo. Nilimweleza mwenyewe, kabla ya kuishiwa ujasiri. Na kweli alicheka, lakini kwa jambo jingine.

"Yaani siku zote unampigia mtu simu iliyoko mezani kwangu? Na laini yake je? Laini haijafa, dada! Iliyokufa ni simu. Laini hii hapa, kavu, nimeihifadhi kwenye kopo." Alilitikisa, ikalia kama punje ya mchele.

Niliketi.

"Tuiweke kwenye simu nyingine," nikasema, "tufungue majina yaliyomo, tumpigie ndugu yake."

"Majina ya mteja hatufungui," akasema Daktari, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Hilo sifanyi hata kwa mama yangu mzazi."

Mama Gundi ndiye aliyepata njia. "Usifungue kitu. Iweke tu, uiwashe, uiache mezani. Mtu asiyepatikana siku kumi lazima kuna anayemtafuta."

Ikawashwa. Tukaizunguka watatu kama watu wanaosubiri maji yachemke. Mteja aliyekuja na mwavuli uliovunjika aliambiwa asubiri, naye akaja kuitazama bila kujua anatazama nini.

Kabla ya saa nne ililia. Wote wakanitazama mimi. Aliyepokea ndiye anayejaribu.

"Haloo?"

"We!" Sauti ya bibi, kubwa, ya mtu anayeamini kwamba umbali unashindwa kwa kupaza. "Uko wapi? Siku zote hizo! Nimewaambia watu umekufa!"

"Shikamoo, bibi. Mimi siye. Mimi ni karani wa duka la kutengeneza—"

"Nani? Mwanangu yuko wapi? Simu yake umeipata wapi, mwizi wewe?"

"Si mwizi, bibi, ameileta itengenezwe, iliingia majini. Yeye ni mzima kabisa. Bibi, nakuomba kitu kimoja tu. Ule mguu wake mfupi ni upi?"

Akashusha sauti, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyeshika kisu:

"Simu ya mwanangu unayo. Na unataka kujua mguu."

Daktari alijiziba mdomo kwa koti. Nilieleza. Nilieleza kiatu, soli, chaki, tarehe tisa, wodi, mafaili. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja tangu nizaliwe. Alipoelewa, sauti ilibadilika.

"Mafaili wasimpeleke. Atakufa huko. Sasa mguu… mimi ndiye niliyekaa naye pale kitandani, naujua. Ni ule wa upande wa dirishani."

"Dirisha lilikuwa mkono upi, bibi?"

"Mkono wake au wangu?"

"Wake."

"Yeye alikuwa amelala!"

"Akiwa amelala chali, bibi."

"Ngoja." Nilimsikia akihangaika na kitu, nafikiri alikuwa analala chali yeye mwenyewe. "Dirisha liko huku. Mimi niko huku. Mguu umefungwa huku. Na mkono wa huku ndio waliomtundikia maji, hata uji akawa hawezi kushika kijiko, namlisha mimi. Anakula kwa mkono wa kulia, nimemlea mimi. Kulia! Ni wa kulia!"

"Una hakika, bibi?"

"Mtoto nimemzaa mimi au wewe?"

Nilipokata, Mama Gundi alikuwa ameshaingiza kisu kwenye soli ya kushoto.

Jumamosi, 6 Aprili
Kiatu cha kulia kimepandishwa, cha kushoto kimerudishiwa soli yake. Lakini gundi inang'aa kama kamasi, na ukiigusa inafuata kidole. Mvua haijapumzika. Daktari ndiye aliyeleta blowa, ile mashine yake ya kupuliza hewa moto anayobandulia vyuma vidogo ndani ya simu. Akaipunguza moto mpaka chini kabisa, akaanza kuipitisha pembeni mwa soli, huku na huku.

"Ukiniunguzia raba nakuunguza koti," akasema Mama Gundi.

"Mama, mimi nafanya upasuaji wa vitu vidogo kuliko punje ya ufuta. Hiki ni kiatu cha mtu mzima."

Mimi nilikuwa nimekishika kiatu kwa vitambaa, nakizungusha. Ndivyo Bosi alivyotukuta. Sikumsikia akiingia, kama kawaida. Alisimama pale na mwavuli unaodondosha maji, akitazama fundi simu anakausha kiatu. Mama Gundi alifungua mdomo, nikajua anataka kunikingia kifua, na hilo ndilo lililonifanya niwahi.

"Ni mimi, Bosi. Sikumuuliza mteja ni mguu upi. Kikapandishwa cha kushoto. Ni cha kulia."

"Una hakika ni cha kulia?"

"Mama yake kasema."

Bosi aliweka mwavuli kwenye ndoo. Akavuta kigoda, akaketi, akakichukua kile kiatu mikononi mwangu, akakiweka mapajani na kuibana soli kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, mpaka mishipa ikamtoka. "Sehemu ya mbele bado laini," akamwambia Daktari. "Pitisha hapa." Akakaa hivyo mpaka viganja vikawa vyekundu, na tulipompokea kiatu alikunja na kukunjua vidole mara kadhaa.

Baadaye, tukinywa chai, nikamuuliza. Sijui niliutoa wapi ujasiri. "Bosi, yule karani aliyepoteza mkanda wa mkoba. Ilikuwaje?"

"Tuliupata ndani ya mwavuli wa mtu. Kwa nini?"

"Na yeye?"

"Aliolewa, akahama. Bado hunitumia salamu." Akanitazama. "Ulidhani nilimfanya nini?"

"Ulimfukuza."

Mama Gundi akapaliwa na chai. "Huyu? Hajawahi kumfukuza hata yule paka anayekojolea viatu vya wateja! Akinyamaza ujue amesahau alichotaka kusema, basi."

Bosi hakukanusha.

Jumapili, 7 Aprili
Nimeenda dukani ingawa ni siku ya mapumziko. Nimekuta Mama Gundi naye amekuja. Tumekigusa kiatu kwa zamu. Kigumu kidogo. Tukarudi makwetu.

Jumatatu, 8 Aprili
Alikuja jioni, kama alivyosema. Safari hii nilimtazama miguu tangu mlangoni. Aliinamia kulia. Niliona waziwazi, kana kwamba mtu ameniandikia ukutani, na kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu tarehe ishirini na sita kikatoka. Bibi alikuwa sahihi.

Alivaa viatu akiwa ameshika kaunta. Kisha akaiachia kaunta. Akasimama. Alitazama ukuta wa mbele kama mtu anayetazama kioo, na mabega yake yalikuwa sawa.

Halafu akainama. "Hiki cha kushoto kina kovu la kisu. Kulikuwa na nini hapa?"

Ningeweza kusema ni alama ya kusafishia. Angeamini.

"Kulikuwa na kosa langu, sista. Sikukuuliza ni mguu upi. Tulipandisha hicho kwanza, halafu tukakibandua."

"Na kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuogopa."

"Watu huniogopa wakiwa na uchungu wa kuzaa," akasema. "Wewe hukuwa na uchungu hata wa jino."

Daktari akampa simu yake, nzima. Ilipowaka tu ikalia. Akaisogeza mbali na sikio, maana sauti ya bibi ilijaza duka lote. "Ndiyo, mama. Wa kulia. Kulia, mama! Ndiyo, wamenipa. Nini? Wewe uliongea nao?" Akanigeukia polepole. "Uliongea na mama yangu?"

"Kidogo, sista."

"Na uko hai," akasema, akatoka, akaingia mvuani.

Jumanne, 9 Aprili
Leo ndiyo siku yake. Mvua tangu asubuhi. Gundi niliiona imekauka, nimeigusa mwenyewe, lakini kiatu kinachovaliwa zamu nzima si kiatu kinachokaa rafuni. Na si kiatu tu, kuna mguu wenyewe. Mama Gundi kashona mkoba mmoja mara mbili palepale. Bosi kaja mara tatu. Mara zote alitazama rafu ambayo haina kitu.

Jumatano, 10 Aprili
Hakuna habari.

Ijumaa, 12 Aprili
Hakuna. Daktari anasema kukosa habari ni habari njema. Mama Gundi anasema hiyo ni kwa mtu aliyesafiri. Kwa kiatu, kukosa habari maana yake kimetupwa.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimepita mbele ya hospitali nikienda kazini. Siyo njia yangu. Nilisimama mahali panapoonekana dirisha la chumba chenye makabati ya mafaili, nikatazama kama kuna mtu mwenye mwili. Kulikuwa na mgongo wa mwanamume.

Mwanzo nilikuwa namwogopa. Sasa namwogopea. Ni hofu nzito zaidi, lakini ajabu, haininyimi usingizi. Nalala nayo kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimtunze.

Jumatano, 17 Aprili
Jua kidogo mchana. Bosi kaniambia majaribio yangu yameisha. Nikamwambia mvua hazijakatika. Akatazama juu, akasema, "Enhe, kweli," akaondoka. Mama Gundi anasema maana yake nimeajiriwa.

Ijumaa, 19 Aprili
Saa tisa mlango wa bati ukagonga ukuta. Sista. Sare nyeupe, uso wa hasira, hatua za haraka mpaka kaunta.

"Kinalia!"

"Sista, shikamoo. Kipi?"

"Hiki cha kulia! Nyii, nyii, nyii, kama panya aliyebanwa. Wodi nzima inanisikia."

Mama Gundi alisimama. Daktari akazima blowa.

"Wodi?" nikauliza.

"Wodi, ndiyo, ulitaka nikasikiwe wapi? Mafaili hayasikii! Nimerudishwa zamu tangu Jumatatu, na wagonjwa wananijua nikiwa bado koridoni. Wanaotakiwa kulala wanapata muda wa kujifanya wamelala. Wanaotakiwa kunywa dawa wanaimwaga dirishani. Siwezi kufanya kazi hivi. Kitengenezeni."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nikitabasamu kama mjinga. Mama Gundi ndiye aliyejikohoza.

"Lazima tukisikie kwanza. Tembea, sista. Mpaka mlangoni na kurudi."

Alitembea. Hatua ya kushoto, hatua ya kulia, zote sawa, kichwa chake kikiwa palepale kwenye usawa mmoja kama anabeba chungu cha maji. Hakikulia.

"Kimenyamaza makusudi," akasema sista.

"Labda sakafu yetu," akasema Daktari. "Jaribu kuzunguka meza."

Akazunguka meza. Kimya. Bosi alikuwa ameingia, sijui saa ngapi. Alisimama kando ya rafu, mwavuli mkononi, akisikiliza kama sisi.

"Tena," akasema Bosi. "Mpaka kwenye dirisha."

Akaenda mpaka dirishani, akarudi, akinung'unika kwamba zamu yake inaanza saa kumi. Kilio kilikuja kidogo sana, mwishoni, nyii moja tu, na Mama Gundi alishajua, niliona usoni mwake, kwamba dawa yake ni tone la mafuta chini ya soli na kazi imekwisha. Lakini hakusema. Hakuna aliyesema.

"Sikukisikia vizuri," nikamwambia. "Tafadhali, sista. Mara moja tena."